Foleni Iliyobaki Nyuma ya Peninah

Ijumaa asubuhi Laban Wekesa alifika Najma, mtaa wa Doha, na bango la kampeni kwapani, akakuta ukuta alioutaka umeegemewa na foleni. Ukuta huo ulikuwa kati ya saluni ya Peninah na duka la chai ya karak, mahali ambapo kila Mkenya na kila Mganda wa mtaa ule lazima apite akienda kununua unga. Laban alimgusa bega mtu aliyekuwa mbele yake, akamwomba asogee kidogo. Mtu huyo alisogea kidogo, kama alivyoombwa. Nafasi aliyoacha ilitosha nusu ya uso, basi Laban akalikunja bango katikati, akalibandika, akarudi nyuma kulitazama. Jicho moja na nusu ya tabasamu vilimtazama pia. Akaona si mbaya.

Foleni hiyo haikuwa ya kusukwa nywele wala ya chai. Ilikuwa ya watu waliompigia Peninah kura katika uchaguzi wa bodi ya shule, miaka kadhaa iliyopita, na ilikuwa bado haijatawanyika.

Shule yenyewe ni ya Jumamosi tu. Iko Al Wukair, nje ya jiji, kwenye vila ya kupanga, na watoto wa Wakenya na Waganda hufundishwa humo Kiswahili, historia ya nyumbani na nyimbo ambazo wazazi wao wameanza kusahau. Wakati wa kuchagua bodi ya kwanza watu walishindwa kuelewana. Wauguzi na watu wa kompyuta walitaka kura ya simu. Madereva na walinzi wakasema kura ya simu hupigwa na mwenye simu kubwa. Ndipo Mwalimu Job, mzee aliyekuwa mkuu wa shule kwao kabla ya kumfuata bintiye Doha, akasema kuna kura moja tu isiyoibika, nayo ni ile ambayo kila mtu anamwona kila mtu: unayemtaka, simama nyuma yake. Wale wenye umri wa kukumbuka kura za mlolongo za nyumbani, ambapo foleni fupi iliweza kuishinda ndefu, walikohoa. Hakuna aliyepinga, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kutoka jikoni.

Wagombea walikuwa wawili, Laban na Peninah, na wote wawili waliahidi jambo moja. Shule ilikuwa karibu kupata gari, na gari hilo lingefika Najma, kwa sababu wazazi wa Najma hawana magari na watoto wao walikuwa wakifika shuleni wamelowa jasho kuanzia kola hadi soksi. Laban ndiye aliyelisema vizuri zaidi. Alisema yeye amelala Najma, kitanda cha juu, chini ya AC inayodondosha maji, na kwamba mtu aliyedondoshewa maji usoni usiku kucha hawezi kuwasahau waliobaki kitandani. Watu walipiga makofi. Mwezi huohuo alikuwa ameoa Gakii, muuguzi, na mizigo yake ilikuwa tayari kwenye fleti ya Al Wukair.

Ua wa vila ulikuwa na kivuli upande mmoja tu, kando ya ukuta. Laban aliambiwa asimame kivulini. Peninah aliambiwa asimame juani, kwa kuwa ndiko nafasi ilikobaki. Aliyehesabu alikuwa Shaun, kijana wa kompyuta na rafiki wa Laban wa kutazama mpira. Shaun alimhesabu kila aliyekuwa kivulini kuwa ni wa Laban: akina mama waliokuwa wakinyonyesha, mtu aliyeleta mitungi ya maji, na Mwalimu Job mwenyewe. Pamoja na hayo foleni ya Peninah ilitoka langoni ikafika kwenye gari la jirani. Shaun alitazama foleni moja, akatazama nyingine, akafuta jasho, akamtangaza Laban.

Mwalimu Job aliwashukuru wapiga kura, akawaomba watawanyike kwa amani kwani chakula kiko tayari. Watu walitawanyika, wakala. Foleni ikabaki. Arnold, dereva wa lori la taka, alikuwa anatafuna mfupa alipogeuka akajiona bado amesimama juani nyuma ya Peninah, mikono mgongoni, kola imekaa upande. Alimaliza mfupa, akanawa, akaenda akairekebisha ile kola, akarudi zake kazini. Jioni Peninah alipochukua mkoba wake na kumshika mkono bintiye Tiffany, foleni ilimfuata.

Mwanzoni kulikuwa na usumbufu. Kwenye metro mfanyakazi wa kituo aliwaomba wasimame nyuma ya mstari wa njano, wakasimama. Aliwauliza kadi zao, Peninah akamweleza kwamba hawa si abiria, ni kura, na mfanyakazi akapiga simu kwa mkubwa wake, kisha akawafungulia lango pana linalopitisha viti vya magurudumu. Kule Najma mwenye duka la chai alilalamika siku chache, hadi alipogundua kwamba wapita njia wakiona foleni huja kuuliza mbele kuna nini, na wakishaambiwa, hununua chai. Khalas, yaishe, akasema, waache. Bodi nayo ilikaa kikao, ikaamua kwamba foleni ni mali binafsi ya Peninah na ni jukumu lake kuhakikisha haizibi lango la shule.

Laban aliingia kwenye bodi akapewa mambo ya usafiri. Gari lilikuja, jeupe, lenye AC inayofanya kazi. Lilianza kuzunguka Al Wukair, likichukua watoto ambao nyumba zao zilionekana kutoka kwenye paa la shule. Wazazi wa Najma walipouliza, Laban alisema njia inapangwa. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na mwaka ukaisha.

Uchaguzi wa pili Peninah alirudi na foleni yake, na wazazi wengine wakaja wakasimama nyuma yake. Shaun alifikiri sana. Kisha akaeleza kwamba waliotangulia ni kura za zamani, muda wake umekwisha, na waliofuata hawakusimama nyuma ya mgombea bali nyuma ya kura za zamani, kwa hiyo Peninah hana mtu. Laban akashinda. Foleni ikarefuka, ikapinda kona ya fundi wa simu. Uchaguzi wa tatu Peninah hakugombea kabisa. Alikuja kumchukua Tiffany tu, akangoja nje ya lango. Wazazi walitoka uani mmoja mmoja, wakisema wanaenda kuangalia magari ambayo hawakuwa nayo, wakasimama nyuma yake. Ndani Laban alichaguliwa bila kupingwa.

Sasa alikuwa anawania kiti kikubwa zaidi, uenyekiti wa Umoja wa watu wa Afrika Mashariki wa Al Wukair, Najma na vitongoji. Mwenyekiti wa Umoja hukaa meza ya mbele kwenye sherehe za Desemba, wageni wa maana huja kumsalimia yeye kwanza, na mtu akipata shida na mwajiri, simu ya kwanza humpigia yeye. Lakini si meza iliyomkosesha Laban usingizi. Katika chaguzi tatu hakuna hata mtu mmoja aliyebaki nyuma yake. Akitoka nyumbani alitoka peke yake, akipanda lifti alipanda peke yake. Alitaka, walau mara moja, ageuke amkute mtu.

Watu wa Najma walipendekeza jina la Peninah. Alikubali akiwa na kitana mdomoni, bila kuacha kusuka.

"Baba Bradley," Gakii alimwambia mumewe wakinywa chai, "utasimama pale mbele ya watu wote, na yule mama yuko na line inafika barabarani. Si utaaibika?"

"Hizo ni kura expired."

"Najua. Lakini zinaonekana."

Ndiyo maana Ijumaa ile, baada ya kubandika nusu ya uso wake, Laban aliingia saluni. Peninah alikuwa anamsuka mteja aliyesinzia. Foleni ilianzia nyuma ya kiti chake, ikapita mlangoni, ikaendelea nje.

"Mama Tiffany, habari ya kazi?"

"Salama, Mheshimiwa. Karibu. Leo umekuja kusukwa?" Alitazama upara wa Laban. "Tutatafuta pa kuanzia."

Laban alicheka kidogo, akakaa. "Nimekuja tuongee kama watu wa nyumbani. Hawa watu. Si uwaambie tu waende home? Wamesimama sana."

"Mimi sikuwaita, Laban. Nyinyi ndio mliwaambia wasimame, mkakataa kuwahesabu. Enda uwaambie wewe."

"Watanisikia?"

"Hawajawahi kukosa adabu."

Laban akatoka, akaanza kuifuata foleni kutoka mwanzo wake. Alimsalimia kila mtu. Walimwitikia kwa kichwa, wakaendelea kutazama mbele. Alimwambia mmoja kwamba uchaguzi ulikwisha zamani, mwingine kwamba jua ni kali, mwingine kwamba yeye binafsi ameshamwona akiendesha lori huko Industrial Area asubuhi hii, kwa hiyo hapa hahitajiki. Huyo wa mwisho alikuwa Arnold. Arnold wa foleni alimsikiliza hadi mwisho, akabaki hapohapo, kola yake imenyooka.

Mbele ya duka la chai Laban alimkuta Akinyi amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mumewe. Eugene, mumewe, alikuwa mpishi wa hoteli. Moyo ulimsimama jikoni, wenzake wakachanga, mwili ukasafirishwa hadi kwao Siaya ukazikwa. Katika foleni alikuwa bado amesimama, kwa kuwa siku ya kura alikuwa mzima. Kila Ijumaa Akinyi alikuja na kiti chake na vikombe viwili. Chai ya Eugene ilipoa, kisha Akinyi akainywa yeye.

"Mama, nawaomba tu watawanyike," Laban akasema. "Si kwa ubaya."

Akinyi alimpangusa Eugene vumbi begani kwa upindo wa leso. "Shemeji," akasema, "huyu akienda, mimi nitakuwa nakuja kumwona wapi?"

Laban akaomba radhi, akaendelea mbele.

Foleni ilipinda kwa fundi wa simu, ikapita duka la magodoro, ikaishia kwenye kichochoro penye mashine za AC zinazovuma. Mtu wa mwisho alikuwa amevaa sare ya ulinzi ya kahawia, ya kampuni ambayo ilishabadili rangi. Kiraka cha bega la kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Laban aliujua uzi huo, kwani alishona mwenyewe, kitandani, kwa tochi ya simu, usiku mmoja kabla ya ukaguzi. Akamtazama mtu huyo usoni. Alikuwa ni yeye mwenyewe wa siku za ulinzi, amekonda, nywele zote zipo.

"Na wewe?" Laban akamuuliza. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Nangoja kuhesabiwa."

"Lakini wewe ulikuwa mgombea. Ulikuwa pale kivulini. Na aliyepiga kura siku ile ya kwanza angekuwa kule mbele, si huku mkiani."

"Kila anayekuja nampisha," alisema mlinzi. "Nimezoea mlango."

Laban alitazama huku na huku. Fundi wa simu alikuwa ameinamia kioo kilichopasuka, hakuwa na habari nao. "Sikiliza, bro. Toka hapa. Nitakutafutia kitu Al Wukair, ndani, penye AC."

"Lile gari linafika huku sasa?"

"Njia inapangwa."

Mlinzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa meneja hayupo, na akarudisha macho mbele. Laban alimwonea huruma, kisha akaona haya, kisha akakasirika kwa kufanywa aone haya na mtu asiyekuwa hata na kitambulisho kinachofanya kazi. Alirudi kwenye gari lake kwa kupitia barabara ya nyuma. Gakii alipomuuliza mambo yamekwendaje, alisema wanafikiria.

Siku ya uchaguzi wa Umoja watu walijaa uani mwa ile vila ya Al Wukair, kwa sababu hapakuwa na ua mwingine wa kuwatosha. Mwalimu Job aliomba dua. Laban alisimama kivulini. Waliomtaka walijipanga nyuma yake, wengi wao majirani na wenzake Gakii wa kazini, foleni ya heshima lakini fupi. Peninah alisimama juani na foleni yake ikaingia nyuma yake kwa utaratibu, ikazunguka ua, ikatoka langoni. Wazazi wa Najma waliokuja kwa basi walijiona tayari wamesimama. Hawakuona sababu ya kusimama mara mbili, wakaketi kwenye viti, wakawapungia mkono.

Shaun, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye miwani, alitangaza kwamba waliosimama ni kura za zamani na walioketi hawajasimama. Watu waliguna. Mzazi mmoja wa Najma aliuliza kwani mtu asimame vipi ndiyo ahesabiwe, na Mwalimu Job akamwomba aheshimu utaratibu. Hata hivyo, kwa ajili ya haki, Shaun alisema ataikagua foleni yote hadi mwisho. Akaondoka kwa miguu. Alikaa sana huko nje. Aliporudi alikuwa ameongozana na mlinzi mwenye sare ya kahawia, akamleta hadi mbele ya Laban.

"Boss," Shaun akasema kwa sauti ya chini, ingawa ua wote ulisikia, "kuna shida kidogo. Huyu ndiye wa mwisho. Mimi naona kama ni wewe."

"Ni mimi vipi?"

"Sijui, lakini ni wewe. Na kama ni wewe, sheria tunaijua. Mgombea akisimama nyuma ya mwenzake, amejiondoa. Inakuwa Peninah amepita." Shaun alivua miwani, akaifuta. "Kwa hivyo nakuuliza tu, mbele ya watu. Unamjua?"

Peninah aligeuka akamtazama Laban. Hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja basi ambalo kwa kawaida halisimami. Mlinzi alisimama wima, visigino pamoja, kama alivyofundishwa. Ule uzi mweusi ulikuwa umeanza kulegea begani.

Laban aliwaza mambo mengi kwa haraka. Aliwaza meza ya mbele. Aliwaza kile kitanda cha juu, na jinsi tone la maji lilivyokuwa likiangukia palepale, karibu na jicho, na jinsi alivyokuwa akiapa gizani kwamba akitoka mle atafanya hiki na kile. Aligeuka akatazama nyuma yake. Kulikuwa na watu, kwa mara ya kwanza aliwaona vizuri, na baadhi yao walikuwa wameanza kusogea upande wa jikoni.

"Simjui," akasema.

Mlinzi aliinamisha macho akatazama viatu vyake. Kisha akapiga saluti, akatoka langoni, akaenda kusimama mahali pake. Shaun alivaa miwani akamtangaza Laban Wekesa mwenyekiti wa Umoja. Mwalimu Job aliwashukuru wapiga kura, akawaomba watawanyike kwa amani. Wa Laban walitawanyika wote, hata Gakii, aliyekwenda kusaidia kupakua.

Jumamosi iliyofuata shule iliendelea. Mwenyekiti alikuwa na mkutano, na kwa kuwa gari lake lilikuwa gereji, alichukuliwa na gari la shule. Alikaa mbele, karibu na Tom, dereva. Watoto wa Al Wukair walikuwa wameshashushwa na viti vyote vya nyuma vilikuwa wazi, AC ikipuliza.

Kwenye barabara kuu, pale basi la kutoka metro linaposhushia abiria, waliwakuta watoto wa Najma wakianza kutembea kuelekea shuleni. Peninah alikuwa mbele, kamshika Tiffany mkono. Foleni ilikuwa imejipanga upande wa jua, bega kwa bega, ndefu kama barabara yenyewe, na kivuli chake kilianguka chini kikawa utepe mwembamba. Watoto walitembea ndani ya utepe huo mmoja nyuma ya mwingine, wakicheza mchezo wa kutokanyaga jua. Eugene alikuwemo, na Arnold pia.

Penye kivuko mlinzi wa kahawia alikimbia kutoka mwisho wa foleni, akaingia barabarani, akainua mkono. Tom alisimamisha gari. Watoto walivuka. Mlinzi alisimama mbele ya kioo, mkono juu, akamtazama Laban, kisha akavitazama vile viti vya nyuma, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu.

"Mwenyekiti, tuwabebe?" Tom akauliza. "Nafasi iko."

"Wamekaribia kufika," Laban akasema.

Mtoto wa mwisho alipovuka, mlinzi alishusha mkono na kuwaashiria wapite. Laban alimpungia kwa adabu. Gari lilipoondoka, alimwona kwenye kioo cha pembeni akirudi mwisho wa foleni, akampisha mtu mmoja, akasimama.